Moja Kushoto, Mbili Kulia

Kwa Kupi, Langoni, nyuma ya duka la simu,
saa nzima shilingi hamsini, na kula marufuku.
Televisheni ina ufa kona ya juu.
Padi moja nzima; ya pili kijiti chake huvuta upande,
hata ukisimama, mtu wako anasogea
polepole, kama aliyeitwa na ukuta.
Hiyo ndiyo yangu. Tulirusha sarafu, nikashindwa.

Mchezo ni hospitali iliyofurika maji.
Mnaingia wawili. Mmoja hupewa tochi,
mwenziwe risasi sita, basi.
Mwenye tochi hana silaha, mwenye silaha haoni.
Aliyeutunga alijua jambo fulani kuhusu urafiki,
au alikuwa na roho mbaya tu.

Na kile kitu, ambacho hatujakipa jina,
hakionekani mpaka kimefika.
Unakisikia kwanza:
mtu anaburuta sufuria la pilau
juu ya saruji, harusi imekwisha,
wageni wote wameshaondoka.

Shekuwe hasikii.
Tangu homa ya darasa la pili hasikii hata adhana
ya msikiti uliopakana na kwao.
Mimi nasikia, ila sitazami:
sufuria likianza, macho hujifunga yenyewe,
na Kupi hucheka mpaka akakohoa.
Basi tukapatana. Mimi masikio, yeye macho.
Kiwiko mara moja: kushoto. Mara mbili: kulia.
Nikikuvuta shati, kiko nyuma yetu.

Hivyo tulivuka wodi ya watoto.
Hivyo tulipita chumba cha maiti,
tochi yangu inamulika dari bure,
yeye akinikanyaga mguu: ishushe, mwoga wewe.

Nimeanguka mara nne. Mara nne amerudi.
Ukianguka, mwenzako ana sekunde thelathini
za kupiga magoti majini, akushike kifua,
na muda wote huo mgongo wake u wazi.
Mimi nisingerudi.
Sikurudi, kwa kweli, Jumanne.
Hakuninunia. Alinipa jina la ishara:
vidole viwili vinatimua mbio kiganjani.

Leo tumefika kwenye lifti. Mlango unafunguka,
nikasikia sufuria, karibu, kiwiko, kiwiko,
umeme ukakatika.

Kupi akailaani kampuni, akapapasa kibiriti.
Mimi nilicheka kwa faraja.
Giza la kweli halina sufuria.
Kisha nikahisi shati langu limeshikwa.

Sikuwa nimewaza kamwe.
Maneno yetu ni mikono, na mikono haionekani.
Midomo anayoisoma, haionekani.
Kwangu taa ilizimika;
kwake dunia ilinyamaza mara ya pili.
Alihema kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani.

Nikamshika bega. Mara moja.
Tukatoka.
Uchochoro ule upana wake ni punda mmoja na mzigo,
na punda mwenyewe alikuwamo, hana habari na mtu.
Mara mbili. Mtaro; tuliujua kwa harufu.
Ngazi hatukuwa na ishara yake, tukaibuni papo hapo:
vidole vitatu, kandamiza, shuka.
Ukuta wa matumbawe ulinichuna kiwiko.
Mbele yetu mtu akaburuta mlango wa duka,
chuma juu ya jiwe, sauti ile ile,
na macho yangu yakataka kujifunga.
Niliyaacha wazi,
ingawa hapakuwa na la kuona.

Kwao, mamake alikuwa barazani na taa ya chemli.
Mikono ya Shekuwe ikarudi kusema, upesi, kwa hasira:
Hatukuhifadhi! Tutaanza tena getini!
Halafu akatulia. Akatia jina langu,
vidole viwili kiganjani,
na safari hii vikatembea.

Nikamjibu: kesho padi mbovu ni zamu yako.
Akajifanya hajaona.